Kubadili oili ya injini ya Probox na ndugu zake bila kujiumiza wala kuiumiza injini

Injini ya 1NZ-FE, ile inayobebwa na Probox nyingi, IST za 1500, Fielder, na Premio na Allion za 1500, inachukua oili lita 3.7 unapobadili pamoja na filta. Usipogusa filta, ni lita 3.4. Dumu la dukani lina lita 4. Naanza na hesabu hii kwa sababu kila mara naona dumu zima likimiminwa mpaka tone la mwisho, mwenye gari amesimama pembeni ameridhika kwamba alichonunua kimeingia chote. Ziada hiyo peke yake haiui injini siku ile. Lakini mara nyingi oili ya zamani nayo haikuachwa imwagike mpaka mwisho, kwa hiyo ndani kunakuwa na lita 4 na zaidi. Krankshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, inaanza kuichapa oili kama mwiko unavyochapa mayai, inatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Kubadili oili ni kazi ya saa moja, na mtu yeyote makini anaiweza nyumbani kwake. Ila ina sehemu tatu ambapo haraka inagharimu: unapoingia chini ya gari, unapofunga filta, na unapochagua oili. Hapo nitakaa sana, kwingine nitapita upesi. Hata kama hutaki kuchafua mikono na unampelekea fundi, soma, kisha usimame karibu naye uangalie mambo hayo matatu.

Mfano wangu ni injini hii kwa sababu ndiyo ninayoijua na ndiyo imejaa barabarani kwetu, kuanzia teksi za Dar es Salaam hadi Probox zinazopanda milima ya Meru. Gari lako likiwa na injini nyingine, utaratibu ni ule ule. Kinachobadilika ni ujazo wa oili, namba ya spana na mahali filta ilipo. Hayo yatazame kwenye kitabu cha gari lako, usiyakisie.

Kwa nini injini hii haivumilii oili mbovu

Oili haifanyi kazi ya kulainisha tu. Inapoza pistoni, inabeba masizi na kuyapeleka kwenye filta, na kwenye 1NZ inafanya kazi ya tatu ambayo wengi hawaijui: inasukuma vyuma. Mfumo wa VVT-i unaogeuza kamshafti, mhimili wa juu unaofungua valvu, unaendeshwa na shinikizo la oili. Kikaza cheni ya taimingi nacho kinasukumwa na oili hiyo hiyo. Ndiyo maana gari lililocheleweshewa oili linaanza kupiga kelele za cheni asubuhi linapowashwa, na baadaye linakosa nguvu mlimani. Watu wanahangaika na plagi na pampu ya mafuta, kumbe vijia vyembamba vya oili vimejaa tope jeusi.

Kwa mazingira yetu ya vumbi, foleni na safari fupi fupi, badili kila kilomita 5,000 au kila miezi 6, lolote litakalotangulia. Gari linalolala wiki nzima na kutoka Jumapili tu haliwezi kusubiri kilomita. Oili yake inachoka kwa unyevu na petroli inayovuja kidogo kidogo kupita kwenye ringi za pistoni injini ikiwa baridi.

Oili ipi

Kwenye dumu tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni namba ya uzito, kwa mfano 5W-30. Namba iliyo mbele ya W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi, na ya nyuma inaeleza uzito wake injini ikiwa ya moto, kipimo kikichukuliwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa 1NZ, 5W-30 ndiyo inayotangulia. Ukiikosa, 10W-30 inafaa kwenye joto letu. Sishauri 20W-50 kwa injini ambayo haijachakaa, hata muuzaji akikuambia kwamba "nzito ndiyo imara". Oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kamshafti asubuhi, na sekunde hizo za mwanzo ndizo chuma kinasagana na chuma.

Cha pili ni daraja la API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani, herufi mbili zinazoanza na S kwa injini za petroli. Herufi ya pili inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo oili ilivyo ya kizazi kipya: SL ilianza 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Chukua SL au ya juu zaidi. Jambo linalonisikitisha ni kwamba kwenye rafu zetu bado kuna madumu ya SAE 40 yenye daraja la SF, hata la chini ya hapo. SF ni ya injini zilizotengenezwa kabla ya 1989. Bei yake inavutia, hasa mwisho wa mwezi, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya gari lako.

Kuhusu oili feki: nunua kwa wakala anayejulikana, si mezani kando ya barabara. Kagua kizibo kama pete yake haijakatwa, soma namba ya toleo, angalia kama maandishi yako wazi na lebo haina mikunjo. Na ukimaliza kutumia dumu lako, litoboe au uandike juu yake kwa rangi OILI CHAFU kabla ya kulitupa au kulitumia. Wachakachuaji wanahitaji madumu halisi matupu, na wanayapata kwetu.

Vifaa

Oili lita 4, filta mpya, na wosha (pete nyembamba ya kuzibia) mpya ya nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Wosha hiyo inauzwa kwa bei ya peremende chache na watu huipuuza. Spana ya pete au soketi namba 14. Kikombe cha kufungulia filta, na usipokuwa nacho kipande cha msasa cha kuishikia. Beseni pana linalobeba lita 5 au zaidi. Faneli safi, matambara, tochi, glavu za mpira zisizopitisha oili, na miwani ya kukinga macho, kwa kuwa ukilala chali chini ya injini kila kitu kinaangukia usoni. Halafu jeki nzuri, stendi mbili za chuma, na kabari mbili za mbao au mawe makubwa ya pembe.

Vua pete, saa na mkufu. Nguo ndefu, mtandio, shati lisilofungwa vifungo, vyote viondoke au vibanwe. Feni ya rejeta kwenye magari haya inaendeshwa na umeme, swichi ikiwa imewashwa inaweza kuzunguka ghafla hata injini ikiwa imezimwa. Toa ufunguo, uweke mfukoni mwako wewe mwenyewe.

Kuinua gari

Hapa ndipo mtu anapoweza kufa, kwa hiyo soma polepole.

Kamwe usiingize hata mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Ile jeki ndogo ya kukunja inayokuja na gari imetengenezwa kwa kubadili tairi, kazi ambayo mwili wako unakuwa pembeni. Jeki ya majimaji nayo inaposhikilia inategemea raba ndogo ndani yake. Raba ikipasuka haitoi taarifa. Probox ina uzito wa tani moja na ushee, na kifua cha binadamu hakina nafasi ya kujadiliana na uzito huo. Nimewaona vijana hodari, mafundi wa kweli, wakiteleza chini ya gari lililoegemezwa kwenye jeki na tofali. Tofali linapasuka bila kuonya. Gogo linateleza. Rimu ya gari inabiringika. Kama huna stendi, azima, au peleka gari kwenye gereji yenye shimo au lifti.

Chagua mahali tambarare na pagumu. Sakafu ya zege ndiyo bora. Kwenye udongo, weka ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Kwenye lami ya mchana wa jua kali pia weka ubao, kwa sababu lami inalainika na miguu ya stendi inazama.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifikirii. Probox, IST na Fielder za kawaida zinavutwa na tairi za mbele. Ukiweka gia kwenye P, au gia ya kwanza kwa gari la gia za mkono, kinachofungwa ni tairi za mbele. Ukizinyanyua hizo hizo, P haishikilii chochote tena. Gari zima linabaki limeshikwa na handbreki iliyo kwenye tairi za nyuma. Kwa hiyo vuta handbreki mpaka mwisho, kisha weka kabari mbele na nyuma ya tairi ya nyuma kabla jeki haijagusa gari.

Inua upande mmoja, kisha wa pili. Mahali pa kubebea pako kwenye ukingo wa chini ya mlango, nyuma kidogo ya tairi ya mbele, penye alama mbili zilizochongwa kwenye bati. Sehemu hiyo imeimarishwa. Usiinulie kwenye sampu yenyewe, inabonyea. Weka stendi, hakikisha kufuli zake zimeingia kwenye jino, shusha jeki taratibu mpaka uzito ukae kwenye stendi. Halafu simama pembeni ulisukume gari kwa mikono miwili, kwa nguvu kweli. Likitikisika au stendi ikisogea, shusha uanze upya. Ni afadhali liangukie hewa kuliko likuangukie wewe. Likitulia, telezesha tairi la akiba ubavuni chini ya gari liwe kinga ya mwisho.

Mwambie mtu mmoja nyumbani kwamba uko chini ya gari. Watoto wakae mbali, na hakuna anayeruhusiwa kuingia ndani ya gari "kuchukua simu tu".

Ukitumia shimo la gereji, hatari inabadilika sura. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutuama shimoni. Hakuna sigara, hakuna mshumaa, hakuna taa ya waya uliochubuka. Na mtu akiwa shimoni injini isiwashwe. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, hauna harufu inayoitambulisha, na mtu anasinzia kabla hajajua kinachompata. Kwa sababu hiyo hiyo usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa.

Kumwaga oili ya zamani

Kabla ya kuinua gari, washa injini kama dakika tano. Oili vuguvugu inatoka haraka na kubeba uchafu wake. Zima, kisha subiri dakika kumi hadi kumi na tano. Kama umetoka safari, subiri nusu saa au zaidi: oili ya injini iliyofanya kazi inakaribia nyuzi 100, nayo inanata kwenye ngozi tofauti na maji. Ikikuunguza, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, usipake mafuta wala unga. Ukiona malengelenge makubwa au umeungua usoni, nenda hospitali.

Fungua kizibo cha kujazia oili juu ya injini na uvute kijiti cha kupimia kidogo, hewa ipite. Ingia chini na beseni. Magari mengi yetu yamefungwa bati la kukinga injini. Ama lina tundu chini ya nati, ama utalazimika kulifungua.

Tafuta nati ya sampu. Hakikisha ni ya injini na si ya giaboksi, kosa ambalo limewapata wengi. Ile ya injini iko kwenye bakuli la chuma lililo moja kwa moja chini ya injini. Fungua kwa spana namba 14, kinyume na mshale wa saa ukiitazama kutoka chini. Ikishalegea, endelea kwa vidole huku ukiisukuma juu, na thredi zikiisha, ivute pembeni kwa mkupuo mmoja. Mkono wako uwe ubavuni mwa tundu, si chini yake. Oili haitoki wima. Inaruka mbele kwanza, kisha inarudi inapopungua, kwa hiyo beseni liwe na nafasi pande zote.

Acha idondoke mpaka iwe tone moja moja, dakika kumi hadi kumi na tano. Wakati huo itazame. Nyeusi ni kawaida. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yanaingia humo, na gari hilo lisiendelee na safari mpaka gasketi ya silinda hedi ikaguliwe. Ikinuka petroli kali, kuna nozeli inayovuja au plagi isiyochoma. Vipande vya chuma vinavyong'aa ukisugua oili kati ya vidole vyenye glavu ni dalili ya beringi kuliwa. Habari hizi unazipata bure kwa dakika hizo chache, na hakuna mashine ya kompyuta itakayokupa zote.

Mafundi wengine watakuambia mimina dizeli kidogo "usafishe tumbo" kabla ya oili mpya. Nakataa. Dizeli inabandua vipande vikubwa vya tope ambavyo vilikuwa vimetulia, vinakwenda kuziba chujio la pampu, na oili inakosa kupanda. Injini chafu isafishe kwa kubadili oili nzuri mapema mara mbili tatu, kila kilomita 2,000.

Futa nati, toa wosha ya zamani (wakati mwingine imenata kwenye sampu, ikague), weka mpya. Anza kufunga kwa vidole peke yake, mizunguko mitatu au minne. Ikigoma, usilazimishe kwa spana, itoe uanze upya, kwa sababu imeingia upande. Kipimo cha kuikaza ni nyutoni-mita 38 hivi. Kama huna spana ya kupimia, shika spana yenye urefu wa sentimita 20 kwenye ncha yake: nguvu unayohitaji ni kama uzito wa kilo 19 ukining'inia hapo. Si zaidi. Kuongezea bomba kwenye spana ndiko kunakoua thredi za sampu, na ukiona nati imezungushiwa nailoni nyeupe ya mabomba ya maji, ujue kuna aliyekutangulia na bomba.

Filta na ile raba yake

Kwenye 1NZ filta inafikiwa kutoka chini. Sogeza beseni chini yake, legeza kwa kikombe au mkono uliozungushiwa msasa. Itamwaga oili yake, iache itoe kisha uifungue yote. Kutoboa filta kwa bisibisi na kuizungusha ni njia ya mwisho kabisa, kwani bati likichanika unabaki na kipande kisichoshikika.

Sasa simama. Igeuze filta uliyoitoa uangalie mdomo wake. Je, ile pete ya raba nyeusi imetoka nayo? Kama haipo, imebaki imenata kwenye injini. Tafuta kwa tochi, ibandue kwa kidole. Ukifunga filta mpya juu ya raba ya zamani, zinakuwa raba mbili, zimekaa vizuri kwa macho na hazivuji injini ikiwa imezimwa. Ila shinikizo likipanda, moja inachomoka.

Jambo hili lilinikuta mimi, na silisahau. Nilitoka gereji asubuhi, oili mpya, moyo mweupe, naelekea Morogoro. Baada ya Chalinze taa nyekundu ya oili ikawaka mbele yangu. Nilizima injini pale pale nikaliacha gari lijikokote lenyewe hadi pembeni. Nyuma yangu lami ilikuwa na mstari mweusi unaong'aa. Kijiti kilitoka kikavu. Chini, filta ilikuwa na raba mbili, moja imening'inia nje kama ulimi. Injini ilipona kwa sababu tu nilizima mara moja. Tangu siku hiyo, anayebadili oili kwenye gari langu lazima anioneshe raba ya zamani mkononi mwake.

Futa sehemu ya kukalia filta kwa tambara lisilotoa nyuzi. Chovya kidole kwenye oili mpya, paka raba ya filta mpya pande zote. Bila hivyo inasokotwa inapobanwa, na siku ya kuitoa itagoma. Funga kwa mkono mpaka raba iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Mkono unatosha. Spana ni ya kufungulia.

Filta nayo ina feki zake. Ndani ya filta halisi kuna valvu ya kuzuia oili isirudi chini gari likizimwa, na nyingine ya kupitisha oili karatasi ikiziba. Zile za bei ya kutupa hukosa ya kwanza, na utaisikia injini ikigonga kila asubuhi kwa sekunde kadhaa.

Kujaza na kupima

Toa vifaa vyote chini, ondoa tairi la akiba, inua kwa jeki, toa stendi, shusha gari. Kipimo cha oili kinasomwa gari likiwa limekaa sawa kwa tairi zote nne. Ukipima pua ikiwa juu, unajidanganya.

Mimina lita 3.4 kwa faneli, taratibu. Kwenye madumu mengi kuna mstari wa kupimia ubavuni. Rudisha kijiti, funga kizibo. Huu ndio wakati wa kujiuliza kwa sauti: nati nimefunga? Filta nimefunga? Kizibo?

Washa, usikanyage mafuta. Taa ya oili, ile yenye picha ya birika lenye tone mdomoni, itawaka na kuzimika baada ya sekunde chache filta inapojaa. Isipozimika ndani ya sekunde kumi, zima injini utafute sababu. Na elewa taa hiyo vizuri: inaonesha shinikizo, haioneshi ujazo. Gari linaweza kupungukiwa lita nzima na zaidi taa ikiwa imezimika kimya. Ikija kuwaka uko barabarani, usiseme "nifike kituo cha mbele". Zima pale pale palipo salama.

Ikishanguruma dakika mbili, chungulia chini kwa tochi bila kuingia. Hakuna tone? Zima, subiri dakika tano, pima. Futa kijiti, kichovye tena, soma. Ongeza kidogo kidogo mpaka oili iguse alama ya F (imejaa) kwenye kijiti au ipungue kidogo chini yake. Ikizidi F waziwazi, punguza kwa kulegeza nati. Usiseme itapungua yenyewe.

Mikono na oili chafu

Watu wengi wananawa kwa petroli. Petroli inakausha ngozi, inapenya, na cheche moja inatosha kukuunguza. Sugua mikono kwa mafuta ya kupikia yakichanganywa na sukari au unga wa mbao, kisha sabuni ya vyombo. Glavu ni bora kuliko vyote: oili iliyotumika kwenye injini za petroli imesababisha saratani ya ngozi kwa panya wa maabara. Kwa hiyo pia usiweke lile tambara lililoloa oili mfuko wa nyuma wa suruali siku nzima, kama ilivyo desturi ya gereji.

Oili iliyomwagika sakafuni ifunike kwa unga wa mbao au mchanga, ifagie, ihifadhi pamoja na matambara ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, mbali na moto.

Lita hizo tatu na nusu za oili chafu usizimwage kwenye mtaro, chooni, wala nyuma ya nyumba. EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, hueleza kwamba oili ya gari moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Kwetu, ambako kisima cha jirani kiko hatua chache, hesabu hiyo haihitaji mfano mwingine. Najua pia desturi ya kupaka nguzo na mbao za paa ili mchwa wasile, na wengine kumpaka mbwa mwenye ukurutu. Mbao za nyumba ya kuishi usizipake, na mbwa mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwani anajilamba. Tia oili kwenye dumu lililoandikwa, lifunge, lipeleke gereji kubwa au kituo cha mafuta kinachokusanya. Kamwe isiingie kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mtoto akiinywa, usimtapishe, mpeleke hospitali haraka na dumu lake.

Siku zinazofuata

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia sakafu chini ya injini na upime kijiti. Rudia baada ya kilomita 100. Andika kwenye karatasi tarehe, kilomita na aina ya oili, ubandike ndani ya boneti au ukingo wa mlango.

Kisha pima kila unapojaza tangi mara mbili. Magari tunayoagiza yamezeeka, na 1NZ iliyotembea sana hunywa oili kidogo. Toyota yenyewe imeweka ukomo wa lita 1 kwa kilomita 1,000. Ukifika huko, ringi au sili za valvu zimechoka na fundi azikague. Chini ya hapo, unaongeza tu, na oili ya kuongeza unayo tayari: ni zile mililita 300 zilizobaki kwenye dumu. Zifunge vizuri, uziweke kwenye buti pamoja na faneli.